Rejeta ya Patron Ildephonse

Pikapu ya Ildephonse ilifika gereji ikisukumwa na wachukuzi wa Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kwenda Goma, waliotua mizigo yao kwa ajili hiyo, na mwenyewe akiwa ameketi ndani, kioo kimeteremshwa, kiwiko nje. Hakushuka ili kupunguza uzito. Fundi Théogène alilitazama hilo kwanza kabla ya kuitazama injini.

Ilikuwa pikapu ya Kijapani, ya zamani, yenye rangi ya krimu iliyopakwa juujuu, na boneti ilikuwa ikifuka mvuke. Théogène aliiacha ipoe. Akanywa chai yake yote. Halafu akakunja kitambaa, akafunika kifuniko cha rejeta, akakizungusha taratibu akiwa amegeuza uso pembeni, kama inavyompasa mtu anayeyapenda macho yake. Hakikutoka kitu. Alipochungulia, rejeta ilikuwa kavu.

“Mulitia maji lini, patron?”

“Asubuhi hii. Chauffeur alijaza mupaka juu. Jana pia, juzi pia. Inakunywa kupita mulevi.”

Ildephonse aliuza saruji na bia, na alikuwa na rafiki katika kila ofisi iliyokuwa na kiti cha kuzunguka. Pikapu aliinunua Goma mwaka uliotangulia, siku zile baada ya watu kurudi kutoka ukimbizini, vitu vilipokuwa vikivuka mpaka vikiwa na rangi mpya na namba mpya, na wanunuzi wakijitia hamnazo. Milango, mabati, vitanda, hata vyungu vya watu vilirudi hivyo. Mwenye kitu aliweza kukutana nacho barabarani kikiwa mikononi mwa mwingine, akakipisha njia.

Théogène alianza pale anapoanza fundi yeyote. Alichomoa kijiti cha oili: oili ilikuwa nyeusi, haikuwa imechanganyika na maji ikawa kama chai ya maziwa. Moshi wa ekzosi haukuwa mweupe. Plagi zilikuwa kavu. Ile joint ya culasse, gasketi ya kichwa cha injini, ambayo mafundi wa mji huo huilaumu kwa kila kitu, haikuwa na kosa. Thamostati aliichemsha kwenye sufuria ikafunguka vizuri, naye akairudisha mahali pake, ingawa wenzake wangeitupa jalalani, maana huko ndiko kutibu kwao. Akafunga pampu ya baiskeli kwenye shingo ya rejeta, akasukuma upepo mpaka mipira ikavimba, akapitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo. Hakuna kilichovuja.

Basi akajaza maji, akawasha injini na kuuacha mdomo wa rejeta wazi. Maji yalipopata moto yakaanza kupungua. Hayakuchemka wala hayakumwagika. Yalishuka tu, polepole, kama soda ya mtu anayenywa kwa mrija, mpaka shaba ya ndani ikaonekana.

“Inaenda fasi ingine,” Théogène akasema.

“Fasi gani?”

“Sijajua. Muniachie mupaka kesho.”

“Kesho mapema,” Ildephonse akasema. Alikuwa na saruji ya kupeleka Ruhengeri.

Théogène alikuwa na njia yake, aliyojifunza Goma kwa mafundi wa malori: maji usiyoyaona unayatia rangi. Alikwenda famasi akanunua bleu de méthylène, ile dawa ya buluu wanayopakwa watoto wenye vidonda mdomoni, akaimimina yote kwenye rejeta. Kisha akaizungusha pikapu mjini, akapita kando ya ziwa mbele ya hoteli, akarudi. Rejeta ilikuwa kavu. Chini ya gari hapakuwa na tone la buluu, wala kwenye injini, wala njiani alikopita.

Buluu aliiona asubuhi iliyofuata, mdomoni mwa Verediane.

Verediane, ambaye wengi walimwita Mama Belise, alipita mbele ya gereji kila siku akiwa na gunia la viazi kichwani, akienda Goma kuuza. Alisimama kumsalimu fundi, na alipofungua kinywa ulimi wake ulikuwa wa buluu. Vidole pia.

“Mama Belise, umekunywa nini?”

“Maji ya kwangu. Jana ilikuya na rangi. Nilipikia maharagi, ikakuwa hivi, tukakula vile vile. Maharagi haitupwake.”

Akaeleza bila haraka, gunia likiwa bado kichwani. Nyumbani kwake, kule mlimani juu ya mji ambako hakuna bomba, kulikuwa na dumu ambalo tangu mwaka jana lilijaa lenyewe. Maji yalikuja yakiwa ya moto, yenye ladha ya chuma. Hakuwa amemwambia mtu. Alijua ni Evode.

Evode alikuwa mumewe. Kabla ya vita alikuwa na pikapu ya kijani iliyobeba viazi kutoka Mudende, na jioni akipanda kurudi nyumbani hakukosa dumu la maji nyuma, kwa kuwa kule ardhi ni ya volkano na mvua yote hunywea chini. Mwaka wa tisini na nne alisimamishwa kwenye kizuizi. Wenye mapanga walimshusha yeye, wakapanda wao, na pikapu ikavuka mpaka bila mwenyewe. Evode alibaki mtaroni. Verediane alipompata ili amzike, hata viatu walikuwa wamemvua.

“Ile gari yenu mulikuwa muliandika kitu juu yake?” Théogène akauliza.

“Belise. Kwa mulango ya nyuma. Mutoto alikuwa tu amezaliwa.”

Théogène alichukua msasa akasugua mlango wa nyuma wa pikapu. Krimu ikatoka, kijani kikatokea, na juu ya kijani zikatokea herufi nyeupe, B, kisha E, kisha L. Alijaza rejeta tena, akamwomba dereva wa Ildephonse awashe injini na kuiacha ikiunguruma, akapanda mlima pamoja na Verediane. Wakaketi mlangoni, dumu likiwa mbele yao. Baada ya muda maji yakaanza kupanda ndani yake, yakifuka mvuke, ya buluu hafifu. Yalifika shingoni yakatulia.

“Inakuletea maji bado,” Théogène akasema.

“Inajua kwetu,” Verediane akasema. “Basi irudi yote. Nimechoka kuwa gari mimi mwenyewe.”

Shauri lilipelekwa kwa Valentin, konseye, yaani diwani, wa sekta. Watu waliketi kwenye nyasi mbele ya ofisi yake. Ildephonse alikuja amevaa koti, na pikapu ikaegeshwa mahali pa wazi, mlango wake wa nyuma umesuguliwa wote, jina la BELISE likisomeka toka barabarani. Dumu liliwekwa mezani juu ya kitambaa cha maua. Dereva akawasha injini, na maji yakahama kutoka rejeta kwenda kwenye dumu mbele ya macho ya kila mtu. Mzee mmoja aliwaomba waliokaa mbele wainamishe vichwa ili naye aone.

“Bon,” Valentin akasema. “Hakuna mutu anakataa. Maji inatoka kwa voiture ya patron, inafika kwa mama. Tumeona wote.”

“Donc gari ni yangu, konseye,” Verediane akasema.

“Polepole, mama. Patron alinunua, iko na papiye, karatasi ya gari. Wale walikunyanganya hawako hapa. We uko na papiye?”

“Papiye ilikuwa ndani ya gari.”

“Unaona.”

“Konseye,” Théogène akasema, “gari yenyewe imesema. Na jina iko pale, musome.”

“Gari haina identité, fundi. Haiwezi kuwa shahidi. Na jina, mutu anaweza kuandika jina yoyote.”

Watu waliguna, na kuguna kwao kukaishia pale pale kwenye nyasi. Inatia hasira kulisimulia jambo hili, maana hata mmoja hakusimama. Lakini kila aliyeketi pale alikuwa na mlango wake kwa mtu, au alikuwa na kitanda cha mtu nyumbani kwake, na wengi walikuwa na vyote viwili. Waliangalia mikono yao. Mtoto Belise, aliyekuwa amesimama karibu na pikapu, alikuwa akipitisha kidole kwenye herufi za jina lake mpaka dereva akamwambia aache.

Kisha Valentin, kwa utulivu wa mtu anayepima haki kwenye mizani, akageukia suala ambalo hakuna aliyekuwa amelileta.

“Sasa tuongee maji. Maji ni ya patron. Mama, mwaka nzima unapikia maji ya mutu bila kumuomba.”

Verediane alilitazama dumu, lililokuwa bado likifuka mvuke mezani.

Ikakatwa hivi: kila asubuhi, kabla ya kwenda mpakani, Verediane atayarudisha maji kwa mwenyewe, yakiwa safi, bila kupungua. Ildephonse alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatangaza mbele ya umma kwamba maharagwe yaliyokwisha kuliwa ameyasamehe. Wapo waliopiga makofi. Mtu amekalia gari la marehemu, na makofi anapigiwa yeye. Hana haya, hana vibaya.

Valentin alimuuliza fundi kama gari lina ugonjwa wowote. Théogène alisema ni zima, kwa sababu ilikuwa kweli. Ildephonse alipomtaka apake krimu juu ya jina, alikataa. Akapaka fundi mwingine, siku hiyo hiyo, na akaipaka vizuri.

Tangu hapo Verediane hushuka mlima alfajiri akiwa na dumu kichwani. Mlinzi wa Ildephonse humfungulia geti na kuinua boneti. Maji humimina yeye mwenyewe, kwa kuwa siku hizi dereva akimimina hurudi juu na kumwagika, na yeye akimimina rejeta huyapokea kimya mpaka tone la mwisho. Mlinzi huchungulia kama yamefika juu. Ndipo Verediane hurudi kuchukua gunia lake, akatembea na viazi mpaka Petite Barrière, na mara nyingi pikapu humpita njiani ikiwa tupu nyuma. Siku moja ya mvua aliomba wampakie. Dereva alimjibu kwa upole kwamba viazi vinachafua gari.

Juma ambalo Verediane aliumwa homa, pikapu haikutoka uani. Wageni wa Ildephonse waliikuta imekaa tu, wakamuuliza kama hatimaye imeharibika.

“Hapana,” Ildephonse akasema. “Voiture iko muzima kabisa. Shida ni ule mama tu, anachelewaka.”