Mpagazi wa Kisanduku cha Saba

Asubuhi hiyo Chiku alishika sahani nyeupe kwa mikono miwili, bila kutikisika, ili Bwana Otto ahesabu miguu. Kilichotembea juu ya sahani kilionekana ni sisimizi: cheusi, kiuno chembamba, kinakwenda mbio na kusimama ghafla. Bwana Otto alisogeza kioo chake cha kukuzia, akahesabu, akarudia kuhesabu, kisha akacheka peke yake.

"Minane," alisema. "Si sisimizi huyu, ni buibui. Tazama, anatembea kwa miguu sita. Miwili ya mbele ameiinua juu ya kichwa, ajifanye ana vipapasio. Anaishi katikati yao na hawamgundui."

Chiku alitazama, akasema ndiyo bwana, maana sahani ilikuwa bado mikononi mwake.

Bwana Otto alikuwa daktari wa boma la Songea, ingawa maradhi ya watu hayakumvutia sana. Alipenda wadudu. Aina ile ya buibui, alisema, haijaelezwa na mtu yeyote duniani, kwa hiyo haina jina, na si haki kiumbe kukaa bila jina. Alishinda wiki nzima akimweleza kwa kalamu: nywele za tumboni, macho manane, mawili ya mbele makubwa, jinsi anavyoruka akikurupushwa. Jina alilompa lilikuwa refu, la Kilatini. Alilitamka mara kadhaa huku akinywa kahawa, akalifurahia.

Nyuma yake, kwenye rafu, vilipangwa visanduku vya mbao vyenye vichwa vya watu walionyongwa baada ya vita vya Maji Maji. Hivyo vilipigwa namba tu.

Bakili, mume wa Chiku, alikuwa miongoni mwa walionyongwa. Kiwiliwili chake kilitupwa katika shimo la wote, lakini hakikutulia humo. Kila magharibi kilirudi nyumbani, kando ya njia ya kwenda Namtumbo, kikaketi mahali pake pa siku zote, na juu ya mabega hapakuwa na kitu. Chiku alimpa habari za siku. Hakula, na mwaka ule hilo lilikuwa nafuu, maana Wajerumani walikuwa wamechoma maghala yote, na binti yao, Zena, alishazikwa nyuma ya nyumba kwa njaa.

Siku moja Bakili aliandamana na mkewe hadi kazini. Sefu, askari wa mlangoni, aliuliza huyu ni nani. Chiku akajibu ni mume wangu. Sefu akasema basi afute miguu. Bakili alipapasa rafu, kisanduku kwa kisanduku, mpaka mkono wake ukatulia juu ya namba saba.

Chiku alipiga magoti. "Bwana, huyu wa saba ni mume wangu. Anaitwa Bakili. Nakuomba nimzike kando ya mtoto wake."

Bwana Otto alimtazama Bakili, kisha akamtazama Chiku. Hakukasirika. Alikuwa mpole siku zote, na upole huo ndio uliomchoma Chiku kuliko matusi ya askari.

"Vichwa vinakwenda Berlin kupimwa," alisema. "Kwa kazi hiyo jina halihitajiki." Akampa kipande cha sukari.

Basi Chiku akamwendea Swalehe, mnyapara wa wapagazi. Msafara wa kupeleka mizigo ya Bwana Otto Kilwa, kwenye meli, ulikuwa karibu kuondoka na watu hawakutosha.

"Shikamoo, mnyapara. Baba Zena anaomba kazi."

"Marahaba, mama. Ana mabega?"

"Anayo."

"Na kichwa?"

"Kimo kisandukuni. Akipita pale kwetu nitamtua, nikizike."

Swalehe alikuna ndevu. "Sawa. Nitasema mpagazi katoroka, wanatoroka kila safari. Bwana anatazama mizigo. Aliye chini ya mzigo hamtazami."

Jioni ya mwisho Chiku aliomba ruhusa mapema. Akaazima jembe, akachimba kaburi kando ya Zena, akaipigapiga sakafu yake kwa kiganja mpaka ikawa laini.

Mpagazi hajitwiki mzigo mwenyewe, lazima mtu amtwike. Kulipopambazuka Chiku akakiinua kisanduku cha saba. Bakili alikipapasa muda mrefu, kisha akakisukuma. Chiku akadhani ni woga.

"Baba Zena, usinitie aibu mbele za watu."

Akamtwika. Kisanduku kikakaa sawasawa juu ya shingo. Bakili akainua mikono yote miwili akakishika, akaingia mstarini, na hakuwa na tofauti na wenzake. Bwana Otto alipita juu ya punda akikagua. Alipofika kwa Bakili alikigonga kisanduku taratibu kwa kidole.

"Huyu asikimbizwe," alimwambia Swalehe.

Msafara ulipofika nyumbani kwa Chiku, Bwana akiwa ametangulia na punda wake, Bakili alichepuka. Chiku akamtua, akabandua kifuniko kwa jembe. Ndani palikuwa na pamba nyeupe. Juu ya pamba walilala buibui weusi wadogo, kila mmoja na karatasi yake, kila mmoja na jina lake.

Swalehe alichungulia, akavua kofia. "Mama, jana ulipoondoka Bwana alitafuta kisanduku imara cha hao wadudu wake. Vichwa vyote kavitia kwenye gunia. Sikujua kama na hiki kakimwaga. Gunia limetangulia usiku."

Chiku alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kitanzi. Alitamani kuwamwaga buibui wote ndani ya kaburi na kuwafukia na majina yao. Lakini mzigo ule Bwana aliuagizia kwa mdomo wake; ukipotea, Swalehe angechapwa viboko hamsa ishirini, na Swalehe hakumkosea kitu. Alikipigilia kifuniko kwa jiwe. Bakili alikuwa amekwisha kusimama, mikono juu, anangoja. Gunia lilikuwa mbele, naye hakuwa na budi kulifuata. Chiku akamtwika tena.

Kaburi halikukaa wazi. Jirani alifiwa siku ileile, akaliomba, akapewa.

Wapagazi walirudi baada ya masika. Swalehe alisema gunia na buibui vilipandishwa meli, lakini Bakili alizuiwa, kwa kuwa hakuna aliyemwagiza. Bwana Otto aliagana na kila mtu kwa kumshika mkono, na Bakili pia, akamshukuru kwa kutembea vizuri.

Jioni ile Bakili aliingia, akaketi. Miguu yake ilikuwa imepasuka. Chiku aliiosha kwa maji ya uvuguvugu. Kisha alimshika mabega akamgeuza polepole, mpaka akaelekea Kilwa, upande ulikokwenda uso wake, akamwacha hivyo na kwenda kukoka moto.