Bibi Mmoja Huko Vijijini

Elisante alitaka kuinuka pale pale amkabe mtu koo, lakini sheria ya sebule ya Anthony haikuruhusu hata kukohoa.

Sheria walijitungia wenyewe, watu saba wa kundi la WhatsApp linaloitwa Albamu Nzima. Kila Jumamosi saa tisa alasiri wanakutana nyumbani kwa Anthony, pale Ipagala, Dodoma, kwa sababu yeye ndiye mwenye spika za maana. Simu zinazimwa na kutumbukizwa kwenye ndoo ya plastiki. Mwenye zamu anatambulisha albamu mpya aliyoigundua, kisha inapigwa mwanzo hadi mwisho, hakuna kuongea, hakuna kuruka wimbo. Hawa ni watu wa roki, na si roki ya kurukaruka. Yao ni ile wanayoiita psychedelic, ya nyimbo za dakika ishirini, magitaa yanayozunguka mpaka unasahau umekalia nini, ngoma zinazohesabu saba pale ambapo wengine wanahesabu nne. Wiki iliyotangulia walisikiliza vijana wa Chile, nyimbo mbili tu, dakika arobaini na moja, na wakabishana mpaka magharibi. Katika mji ambao kila kibanda cha chipsi kinapiga bongo fleva, watu saba wa namna hiyo ni wengi.

Na ikiisha albamu, kuna kusoma majina. Hilo ndilo walilojivunia kuliko yote. Mwenye zamu anasimama na kusoma kila aliyehusika, mpiga besi, fundi mitambo, aliyepiga picha ya jalada, na wengine wanapiga makofi kwa kila jina. "Sisi si wezi wa masikio," Anthony hupenda kusema. "Tunajua tunamsikiliza nani."

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Brightness, mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu, ambaye ana marafiki wa muziki huu mpaka nchi ambazo Elisante hajui ziko upande gani wa ramani. Alileta bendi ya Ureno, albamu ya wiki tatu tu tangu itoke. Aliitambulisha huku anatabasamu peke yake.

"Wimbo wa tatu una kitu cha kwetu," alisema. "Sisemi zaidi. Mtasikia."

Wakasikia. Wimbo wa tatu ulianza na kinanda kinachonguruma chini kwa chini, likaingia gitaa, halafu vyote vikanyamaza na ikatoka sauti ya mwanamke mzee anaimba Kigogo, na ngoma ya muheme ikipigwa kwa viganja. Nyuma yake mbuzi akalia mara moja. Elisante alimjua hata yule mbuzi. Alikuwa mbuzi wa mama yake, na sauti ilikuwa ya mama yake, Anyesi, amekaa kwenye baraza lake kule Zuzu, ngoma katikati ya mapaja.

Sasa, wimbo ule si wimbo wa kila mtu. Mama Anyesi aliutunga mwenyewe mwaka wa njaa, surua ilipomchukua Lea, dada yake Elisante, akiwa na miaka minne. Ndani yake mama anamuuliza mtoto kwa nini ameondoka na uji wake haujapoa. Basi juu ya swali hilo Wareno walikuwa wameweka makofi, filimbi, na vijana wanaopiga kelele za furaha kama watu walioshinda mechi. Anthony alifumba macho na kupigapiga goti. Fredy, wa ofisi ya ardhi, alikuwa anacheka kimya kimya kwa raha na kutikisa kichwa.

Dakika kumi na saba. Elisante alizikalia zote, anamsikia mama yake akimlilia Lea huku watu wanatikisa vichwa. Angeweza kuivunja ile sheria. Hakuivunja, na hilo nalo likamtia hasira, kwamba hata hapo alikuwa na adabu ya kijinga ya kuogopa macho ya watu.

Albamu ikaisha. Brightness akasimama na karatasi yake.

Akasoma wapiga magitaa wawili, makofi. Akasoma mpiga ngoma, makofi. Akasoma fundi, mpiga picha, mpishi aliyewalisha studio, hata mbwa wa studio aliandikwa kwa jina lake, na kwa mbwa makofi yakawa makubwa zaidi kwa kuwa watu walicheka.

"Na sasa wimbo wa tatu," Brightness akasema. "Unaitwa Ngoma ya Mavuno. Sauti: bibi mmoja wa kijijini, Tanzania."

Wakapiga makofi na vigelegele. Elisante akainuka, kiti kikaanguka.

"Nani aliwapa ile sauti?"

"Mimi," Brightness alisema, bado anatabasamu. "Niliwatumia mwaka jana. Surprise, bro!"

"Kwa ruhusa ya nani? Mbwa ana jina, yule mama hana? Mpishi ana jina! Mnajiita watu wa kusoma majina, mnakaa hapa mnampigia makofi mbwa!"

"Elisante, tulia kwanza," Anthony alisema.

"Situlii! Na mavuno gani? Nani aliwaambia yale ni mavuno? Pale mtu analia msiba, nyie mnatikisa vichwa!"

"Wewe unajuaje?" Fredy aliuliza. "Unajua Kigogo?"

"Huyo ni mama yangu!"

Fredy alimtazama juu mpaka chini. "Mama yako? Wewe si Mpare?"

Hapo ndipo ilipo shida, na msimuliaji huyu hana nia ya kumfichia mtu. Jina Elisante watu hulisikia wakadhani ni mtu wa Same au wa Kiomboi, naye kwa miaka sita aliyofanya kazi ya kunakili mijadala ya Bunge hakumsahihisha yeyote. Jina la baba yake ni Matonya. Ukilitaja mjini, mtu anamkumbuka ombaomba maarufu wa jina hilo, anacheka na kukunyooshea kiganja kama anaomba senti, kwa kuwa Wagogo wamebandikwa sifa ya kuombaomba na hawajabanduliwa. Siku ya kwanza kazini dereva mmoja alimfanyia hivyo mbele ya wakubwa. Tangu siku hiyo akawa Elisante M., na hiyo M. hakuieleza.

Brightness alikuwa ameacha kutabasamu. Aliinama kwenye ndoo, akachokonoa mpaka akapata simu yake, akaiwasha. Watu wakasubiri. Alipandisha ujumbe baada ya ujumbe wa Albamu Nzima, miaka miwili nyuma, na alipoupata alisimama wima na kuusoma kwa sauti ile ile ya kusomea majina.

"Elisante. Jumapili, saa kumi na dakika nane. 'Sikieni hii, jamani. Bibi mmoja huko vijijini, wimbo wa mavuno nadhani. Hii ndiyo psychedelic ya kweli, wala haihitaji umeme.'"

Elisante akafungua mdomo.

"Sijamaliza," Brightness alisema kwa hasira. "Nikakuuliza, 'Anaitwa nani?' Soma mwenyewe ulichonijibu."

Elisante hakuhitaji kusoma. Alikuwa amejibu, "Sijui, nilikuwa napita tu njia."

"Ungeniuliza kabla ya kuwatumia watu," alisema, na alisikia mwenyewe jinsi neno lilivyotoka jepesi.

"Ningekuuliza nini? Ulikuwa mpita njia! Unanifokea mbele ya watu kwa sababu nimenakili maneno yako. Mimi nimekosa, sikutafuta ruhusa ya yule mama, na nitamwomba radhi mwenyewe. Lakini kumfuta ulimfuta wewe." Akavuta pumzi. "Nipe jina lake kamili nitawaandikia leo hii, watabadilisha mtandaoni. Ila akubali mwenyewe. Na umwambie wewe jinsi ilivyokuwa. Mimi sitakusemea."

Elisante aliokota simu yake kwenye ndoo akatoka bila kuaga. Njia nzima alikuwa anamtukana Brightness moyoni, halafu Wareno, halafu Fredy na kicheko chake. Alipofika kwake Nkuhungu matusi yalikuwa yameisha na wa kutukana amebaki mmoja.

Kwa maana kulikuwa na jambo ambalo hata Brightness hakulijua. Mwimbaji wa kwao haanzi kuimba hivi hivi. Anajitaja kwanza, ni nani, mke wa nani, anamwimbia nani. Na Mama Anyesi siku ile alijitaja vizuri sana, akijua anarekodiwa: mimi Anyesi, mke wa Matonya, namwimbia Lea wangu, na anayenishikia simu ni Elisante, mwanangu niliyemsomesha. Sekunde kumi na tisa. Elisante alikaa juu ya kitanda chake, akazikata kwa kidole, akatuma kilichobaki. Haraka ilimfanya akate pumzi ya mama katikati. Wareno, na mitambo yao yote, waliianza sauti hapo hapo, kwenye nusu ya pumzi.

Jumapili alichukua bodaboda mpaka Zuzu. Mama alikuwa ametoka kanisani, kitenge cha ibada amekitundika, amevaa cha jikoni, anasonga ugali wa uwele. Chungu cha mlenda kilikuwa pembeni ya mafiga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Kaa, chakula kinakaribia."

Waliongea Kigogo, kama kawaida yao. Elisante alimwambia kuna watu wa Ureno wameweka sauti yake kwenye muziki wao, akawasha simu. Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria na kusikiliza dakika zote kumi na saba bila neno, na Elisante akafikiri kwamba angefaa pale Ipagala kuliko wote. Zilipoingia zile kelele za furaha aliinua nyusi. Wimbo ukaisha.

"Mbona wanafurahi?"

"Wanadhani ni wimbo wa mavuno."

"Mavuno!" Alisimama. "Mwaka ule nani alivuna? Tulimzika Lea, hatukuvuna hata kiganja cha uwele! Nani kawaambia mavuno?"

Elisante alitazama moto.

"Na mwanzo wangu uko wapi? Nilijitaja. Nakumbuka nilijitaja, na wewe nilikutaja. Wameukata?"

Angeweza kusema ndiyo. Wareno wako mbali na mama hana simu ya kuwauliza. Neno lilikuwa tayari kabisa mdomoni.

"Niliukata mimi," alisema. "Na ya mavuno nilisema mimi, na walipouliza jina lako nikasema sijui, nilikuwa mpita njia tu. Kule mjini nikisema Matonya, mama, watu wanacheka. Wananinyooshea mkono."

Mama Anyesi alipoongea tena aliongea Kiswahili, lugha anayoitumia kwa mtendaji wa kata na kwa wageni, na Elisante alihisi kama amesukumwa nje ya mlango.

"Baba yako hajamnyooshea mtu mkono mpaka amekufa. Alilima karanga, akalima ufuta, akauza ng'ombe wake wote wawili, wewe ukasoma. Wewe umekula jina hilo, umevaa jina hilo. Leo linakunukia?"

"Mama, nisamehe."

"Washa hiyo simu."

Aliiwasha. Mama aliingia ndani akatoka na ngoma, akakaa barazani, akaibana kwa mapaja. Hakuwa na haraka. Akajitaja kwa Kiswahili ili wasikie wote, watu wa mjini na wa Ureno.

"Mimi ni Anyesi, mke wa Matonya, wa hapa Zuzu. Huu si wimbo wa mavuno. Namwimbia Lea, mtoto wangu aliyekufa mwaka ule wa njaa. Mwenye kutaka kuuweka kwenye muziki wake, aweke na jina lake Lea, na aache kupiga kelele mtoto wangu anapotajwa. Na anayenishikia simu ni Elisante Matonya, mwanangu, aliyenikata kichwa akawapa watu kiwiliwili."

Kisha akapiga ngoma na kuimba, wote, mpaka mwisho. Sauti ilikuwa imezeeka kidogo tangu mara ile, na kwenye uji wa Lea ilikatika, akairudia. Mkono wa Elisante ulikuwa unauma kwa kushika simu lakini hakubadilisha mkono.

"Tuma," mama alisema. "Kwa wale wale."

Alifungua Albamu Nzima. Kidole kilisimama. Aliona sura ya Fredy, akaona na viganja vya ofisini Jumatatu, vimenyooshwa. Akatuma yote, sekunde ya kwanza mpaka ya mwisho, na chini yake akaandika: Huyu ni mama yangu.

"Imefika?"

"Imefika, mama."

"Na pale nilipokutaja?"

"Napo."

Mama Anyesi aliirudisha ngoma ndani. Alipotoka alipakua ugali, akafunua mlenda, akaweka mezani sahani moja na bakuli moja. Akakaa na kunawa mikono.

"Haya, mpita njia," alisema kwa Kiswahili. "Bodaboda zinapatikana pale barabarani."