Riwaya kwa Dakika Mbili

Mhariri huja Kitengela mara moja kwa mwaka, na mwaka huu nilikuwa nimeapa kwamba hatarudi Nairobi bila riwaya yangu. Tulikusanyika katika ukumbi wa kanisa, waandishi tele, kila mmoja na dakika mbili za kumweleza kitabu chake. Kikimpendeza, anakuomba mswada. Kisipompendeza, mtaonana mwakani.

Nikaitwa mapema: "Resian Katoo, Isinya!" Nikasimama, nikaanza kama tunavyoanza nyumbani. Kwetu Wamaasai mtu hatoi habari kwa pupa. Unaanza na mazuri: watu ni wazima, ng'ombe wanakula, mvua ilinyesha kidogo. Jambo zito, hata likiwa msiba, huja mwisho, msikilizaji akiwa ametulia. Basi nikamweleza Bi Mugure, mhariri mwenyewe, habari za boma la msichana wa riwaya yangu, mbuzi wao na nyasi za mwaka ule. Ndiyo kwanza nafika kwenye "lakini", kengele ikalia.

"Asante. Next," akasema Mugure bila kuinua macho.

Nilirudi kitini nikiwaka. Rafiki yangu Wahu, aliyefunga duka lake ili anisindikize, alikuwa akijikaza asicheke.

"Wewe Resian, umemsalimia mpaka mbuzi! Twende tukunywe chai, utajaribu next year."

"Siendi mahali."

Kitabu hicho nimekiandika alfajiri baada ya alfajiri, mtoto akiwa mgongoni. Sikuwa tayari kukizika kwa sababu ya mbuzi.

Nikiwa nimenuna hapo, nikamkumbuka baba, ambaye siku hizi hatusemezani. Iko siku moja tu ambayo mzee yule hana muda wa habari ndefu, nayo ni siku ng'ombe wake amepotea. Akimwona mchungaji kwa mbali anapaza sauti: mwekundu, tumbo jeupe, sikio la kushoto limekatwa, ameelekea mtoni, umemwona? Basi. Na mchungaji atashinda akimtafuta ng'ombe ambaye hajawahi kumwona.

Mkutano ulipokwisha nilimngoja Mugure kando ya gari lake.

"Si wewe umeshaongea?" akauliza.

"Nilikuwa nasalimia tu, madam. Sasa ndio naongea." Sikungoja ruhusa. "Msichana wa form four, bado ako na uniform. Amerudi nyumbani akapata baba yake ameuza shamba, na kaburi ya mama iko ndani ya fence ya mtu mwingine. Ameshika plaizi ya kukata waya. Baba amesimama mbele ya hiyo waya."

Nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko kusema, maana mbuzi wote walikuwa bado mdomoni. Mugure alikuwa ameshika funguo lakini hafungui gari.

"Akakata?"

"Hiyo iko kwa kitabu."

Akacheka kidogo, kisha akanyoosha mkono. Nikautoa mswada kwenye kiondo na kumpa kabla hajabadili nia. Akafunua ukurasa wa kwanza palepale, akasoma, akageuza wa pili. Wahu kule mlangoni alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Hii story umeitoa wapi?" Mugure akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ya upole.

"Hiyo kaburi ni ya mama yangu," nikasema. "Na plaizi bado niko nayo."