Kikundi cha Kaa

Mwantum alikuwa uani akipepeta mchele, na mimba yake ya miezi minane, siku afisa wa vijana alipofika kukagua kikundi chao kilichoomba vizimba vya kunenepeshea kaa kule mikokoni, ng'ambo ya Ruaruke. Afisa, Bwana Mashaka, alimwita dada, akawapiga picha wanachama wote, akasema maombi yanashughulikiwa ila kikundi kisibadilike hata kidogo.

"Kaeni hivyo hivyo mpaka nirudi."

Wakakaa. Hemedy, aliyekuwa amenyolewa upande mmoja wa kichwa, alibaki na upande mmoja. Sabra, mwenyekiti, alibaki na mafua. Mimba ya Mwantum ilibaki ya miezi minane. Mkunga alimpapasa akasema mtoto mzima, hana haraka tu. Gharibu, mumewe, hakuwa mwanachama, kwa hiyo aliota mvi.

"Tuliomba kaa," alisema Hemedy, "tukaambiwa kaa."

Bwana Mashaka alirudi kila mwaka wa fedha. Badala ya vizimba alileta semina: fursa, ujasiriamali, uthubutu. Kwa kadiri alivyozeeka aliacha kumwita Mwantum dada, akawa anamwita binti. Alikisifu kikundi. Kwingine, alisema, vijana huomba mradi halafu wanazeeka, wanaitia serikali hasara. Mtoto alizisikiliza semina zote kutoka tumboni, na mwaka juzi sauti yake ilivunjika.

Safari hii Mwantum hakungoja semina iishe.

"Bwana Mashaka, niruhusu nijifungue. Mgongo umekwisha."

Afisa alimweleza kwa upole kwamba akijifungua atakuwa amebadilika, na kikundi kitarudi mwisho wa foleni. Mwantum aliwatazama wenzake. Sabra alipenga kamasi.

"Vumilia, shoga yangu. Tumefika mbali."

Ndipo tumbo likasema, "Shikamoo, Bwana Mashaka. Vizimba vinakuja lini?"

"Marahaba. Una umri gani?"

"Nimetimiza kumi na tano."

Bwana Mashaka alifurahi, maana huo ndio umri ambao serikali huanza kumhesabu mtu kuwa kijana. Akamsajili papo hapo, akalipiga tumbo picha.

"Na wewe, mwanangu, kaa hivyo hivyo."

Gharibu, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni la kuogeshea mtoto, alilirudisha ndani. Mwantum akauegemeza ungo juu ya mwanachama mpya, akaendelea kupepeta.