Josepha Aliyepiga Goti Mbele ya Kichuguu

Kitendawili ambacho Josepha alikuja kutegewa baadaye na kaka zake kijijini Ntalikwa ni hiki: "Sisimizi aliyebeba punje namwona, tembo akipita simwoni. Mimi nani?" Nao walicheka kabla hajajibu, maana jibu ni yeye mwenyewe.

Enzi za Mwingereza, Josepha alikuwa akisoma shule ya masista mjini Tabora. Uzi aliutia kwenye sindano bila taabu, na katekisimu aliisoma imegusa pua. Lakini mtu akisimama ng'ambo ya barabara, kwake alikuwa moshi tu. Naye alidhani watu wote huona hivyo. Jioni macho yalimwaka kama yametiwa pilipili, kichwa kikamgonga, akanyamaza.

Sasa, kwao binti akimwona mkubwa hupiga goti na makofi, akaamkia tangu mbali. Josepha aliwapita wakubwa kavukavu. Alimpita mjomba wake Lugembe, akampita hata katekista. Halafu siku moja akakutwa amempigia goti mtu aliyeinama njiani, kumbe ni kichuguu! Kijiji kikasema shule imemtia kiburi, sasa anawadhihaki.

"Nimrudishe huko akajifunze dharau?" akasema baba yake, Tobias Mahona, likizo ilipokaribia kwisha. "Abaki alime."

Josepha alilia, na macho yakazidi kuuma.

Jumamosi Josepha na baba yake wakapeleka karanga mjini, wakifuata njia ya misafara ya zamani. Baba akamwambia angoje kwenye baraza ya fundi taa, yeye akavuka barabara na gunia kwenda kwa mnunuzi.

"Hee! Mtoto wa misheni, mimi gogo?" sauti ikamshtua. Alikuwa Bi Mwanajuma, muuza vitumbua, ameketi mwisho wa baraza. "Unanipita tu?"

"Shikamoo bibi! Sikukuona."

"Marahaba. Hukuniona, mwili wote huu? Basi nimekonda, alhamdulillahi!"

Mumewe, aliyeketi kando yake, akacheka, taa aliyokuwa akiitengeneza ikiwa mkononi. Alikuwa Mchina, aliyekuja enzi za Mjerumani akabaki, akasilimu, akaitwa Yahaya.

"Mwache, mke wangu. Huoni anavyofinya macho? Mimi nilikuwa hivyo hivyo nikiwa kijana." Akamgeukia Josepha. "Jioni panauma hapa, kati ya nyusi?"

Josepha akajigusa hapo hapo. Hakuwahi kumwambia mtu.

Mzee Yahaya akatoa kwenye kopo maua makavu ya manjano, akayamwagia maji ya moto, akamwinamisha juu ya mvuke, macho yamefumbwa. Kisha akaanza kumbonyeza kwa vidole gumba: mwanzo wa nyusi, ubavuni mwa pua, kwenye panja, polepole, kama mtu anayetafuta punje ndani ya unga. Na maumivu yakaondoka, jamani, kama maji yanavyozama mchangani. Josepha alikuwa ameyazoea hata akadhani ni sehemu ya kichwa chake. Akaogopa kufumbua macho, maumivu yasije yakarudi.

"Babu, dawa hii umeitoa wapi?"

"Kwa mama yangu, naye kwa mama yake, huko kwetu. Maumivu husikia vidole. Lakini kuona mbali, binti yangu, vidole havikuletei." Akavua miwani yake, akamvika. "Huko kunataka hii."

Josepha akashika nguzo. Mti ulikuwa na majani, moja moja! Kunguru juu ya bati alikuwa na shingo nyeupe. Mama mmoja ng'ambo alikuwa akicheka, na pengo lake likaonekana.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Siku zote mnayaona haya?"



Mzee mwenye gunia tupu akatokea ng'ambo. Josepha akautambua mwendo wake, akaanguka magoti vumbini, akapiga makofi.

"Shikamoo baba!"

Tobias akageuka nyuma kutazama anayeamkiwa ni nani. Hakuna mtu. Akaja mbio.

"Leo umeniamkia tangu kule?"

"Nakuona, baba. Ndevu zako... zimeanza lini kuwa nyeupe?"

Tobias akazishika ndevu. Akaitazama miwani, akamtazama mwanawe.

"Kumbe hata mimi hukuwa ukiniona," akasema taratibu.

"Akae nayo mpaka mpate ya kwake hospitali," akasema Yahaya. "Taa zangu naziona, zi karibu. Ila akisoma sana macho yatachoka tu, na jioni yakandwe."

"Jumatatu nampeleka shule mwenyewe," akasema Tobias. Akaketi kwenye mkeka mbele ya Mchina, akanyoosha vidole gumba vyake vyenye sugu za jembe. "Nionyeshe, mzee. Naanzia wapi?"