Mtu wa Tano Kwenye Picha ya Mwisho

Nimekutana na wasomi na wenye vyeo, lakini mtu ninayemvulia kofia mpaka leo ni Mwalimu Sabih wa kibanda cha gemu pale Ashar, mjini Basra. Anayebisha aje tubishane, lakini kwanza anisikilize.

Mwalimu Sabih alikuwa akifundisha jiografia. Vikwazo tulivyowekewa Wairaki vilipobana mpaka mshahara wa mwalimu ukawa haufiki trei moja ya mayai, aliacha chaki akafungua kibanda: runinga nne, mashine nne na feni iliyokuwa ikizunguka inapojisikia. Mwaka wa tisini na tisa akatuletea gemu ya Kijapani, ile ya safari ndefu, ambayo huimalizi kwa wiki wala kwa mwezi. Kila unayekutana naye humo ana la kusema, na yote yameandikwa Kijapani. Sisi vijana wa Basra tungeelewa nini? Lakini Ashar nzima ilijua kwamba ujanani Mwalimu alikuwa karani wa wahandisi wa Kijapani waliojenga kiwanda nje ya mji. Basi sisi tulicheza, naye alisimama nyuma yetu na bilauri yake ya chai ya ndimu kavu, akisoma.

Na alisoma, jamani. Mfalme alikuwa na sauti yake, bibi muuza chumvi na yake. Ukirudi kwenye kijiji ulichopita mwezi uliopita, Mwalimu anakumbuka mtoto wa mwenye kinu aliumwa nini, na anakuambia amepona. Umeme ukikatika, na kila siku ulikuwa masaa matatu upo, masaa matatu haupo, watu wa vibanda vingine walirudi makwao. Sisi tulibaki. Runinga imezimika, jasho linatutiririka, na Mwalimu anaendelea kutueleza yaliyokuwa yakitokea upande wa pili wa mlima. Sijawahi kusikia mtu anayesimulia namna ile, na babu yangu alikuwa msimuliaji wa kulipwa.

Mashujaa wa gemu ile walikuwa watano. Mmoja wao, askari, Mwalimu alitusomea kuwa anaitwa Hattab. Tulicheka kidogo, Mjapani gani aitwe Hattab, lakini tukazoea. Katikati ya safari jeshi la adui linawafukuza hadi kwenye daraja. Hattab anawasukuma wenzake wavuke, anafunga lango, anabaki upande wa adui. Mwalimu akatusomea maneno yake: "Nendeni. Mimi nitawakuta mbele." Kioo cha runinga kikawa cheupe. Kuanzia hapo mashujaa ni wanne, na Hattab hatukumwona tena.

Tulimaliza baada ya miezi minne. Picha ya mwisho ni karamu juu ya kilima, jua liko nyuma yao, unaona vivuli tu. Tukahesabu vivuli. Vilikuwa vitano.

Basi pakawa hapakaliki. Kwenye foleni ya mkate, kwa kinyozi, kila mahali ni gemu. Kwa nini ule mji wa kaskazini haukuwa na watoto? Nani alichimba kisima jangwani? Mwalimu alijibu yote bila kusita, na majibu yake yalikuwa matamu kuliko maswali. Lakini ukimuuliza huyo wa tano ni nani, alikunywa chai yake na kuulizia afya ya mama yako. Harith, rafiki yangu mwenye mdomo mchafu kuliko wote, alidai Mwalimu anatuwekea akiba ili tusihamie kibanda kingine.

Aliyekuwa akiuliza kuliko wote ni Muthanna. Kijana wa miaka kumi na tisa, fundi seremala, mpole, maneno yake ya kuhesabika. Kaka yake Ziyad alikwenda vita vya Kuwait akiwa askari wa kawaida na hakurudi. Hakuonekana kwenye orodha ya waliokufa wala ya waliotekwa. Baba yao alishafariki, wakabaki Muthanna na mama yake, ambaye mtaa mzima uliendelea kumwita Mama Ziyad.

Alasiri moja ya Jumanne Muthanna aliingia kibandani na vumbi la mbao kwenye nywele. Hakusalimia. Alichukua kadi yetu ya kumbukumbu, akaichomeka, akapeleka gemu mpaka kwenye ile picha. Chini ya vivuli palikuwa na mstari mmoja wa maandishi.

"Mwalimu, nisomee huo."

Mwalimu akaanza kumuulizia mama. Muthanna akamkatiza, jambo ambalo hatukuwahi kumwona akilifanya kwa mtu aliyemzidi umri.

"Ami Dakhil anataka kumwekea Ziyad matanga Ijumaa. Anasema miaka minane imetosha, mama apumzike. Bila mimi kukubali hawezi, mimi ndiye mwanamume wa nyumba. Nimenuia, Mwalimu. Kama wa tano ni Hattab, nakataa. Kama siye, nakubali, tunamsomea Ziyad hitima na yamekwisha. Hattab alisema atawakuta mbele. Aliwakuta?"

Mimi moyoni nilikuwa nikimsihi Mwalimu: sema ndiyo, mzee, inakugharimu nini, neno moja tu kijana aende zake na furaha. Mtu aliyetutungia, samahani, aliyetusomea miezi minne asingeshindwa na mstari mmoja. Mwalimu aliutazama ule mstari. Aliweka bilauri juu ya runinga.

"Mwanangu, mimi sijui Kijapani. Kule kiwandani nilijifunza maneno mawili, ahsante na polepole. Hata herufi moja siwezi kusoma. Yote niliyatunga mimi, nikiangalia picha."

"Na yale ya darajani?"

"Hata yale. Hattab alifungua mdomo, nami nikamtilia maneno. Kama alisema nitawakuta au alisema kwaherini, sijui. Wa tano simjui. Usimpime kaka yako kwa maneno yangu."

Muthanna akazima mashine, akatoka. Sisi tuliobaki ndio tuliokosa adabu. Harith alisema miezi minne tumelishwa matango pori. Mwingine akamkumbusha Mwalimu kuwa njia ya mwongo ni fupi. Na mimi, ninayejifanya leo kumsifu, nilimwambia arudi shuleni akawadanganye watoto. Alikunja nyaya moja moja, taratibu, na sisi tukaondoka.

Ijumaa ikafika na matanga hayakuwekwa. Nilisikia Muthanna alimwambia ami yake mbele ya wazee: wewe hujui, na mimi sijui, na mtu hazikwi kwa sababu ndugu zake wamechoka kutojua. Ami Dakhil alikasirika, akasema kijana kaharibiwa na magemu.

Jumamosi aibu ilinipeleka kibandani. Tulikuwa watu watatu tu. Nilikuwa bado natafuta jinsi ya kumwomba Mwalimu radhi, mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Ziyad na abaya yake, na Muthanna nyuma yake. Hakuna mwanamke aliyewahi kukanyaga pale. Tulisimama wote. Mwalimu alidhani amekuja kumgombeza, akaanza yeye: nisamehe dada yangu, nilimtia mtoto wako matumaini ya uongo.

Mama Ziyad alimwacha amalize.

"Miaka minane najibiwa, Mwalimu. Wapiga ramli wamenijibu. Wafungwa waliorudi wamenijibu, mmoja eti kamzika kwa mikono yake, mwingine eti kala naye mkate. Shemeji yangu Dakhil kanijibu. Wote wameapa. Wewe ni mtu wa kwanza kuniambia hajui."

Mwalimu Sabih alimvutia kiti. Mama Ziyad akakaa, akajifunika uso kwa ncha ya abaya, akalia kwa sauti, na Muthanna alituambia baadaye kwamba tangu Ziyad apotee hakuwahi kumsikia akilia.