Makopo Yasiyo na Jina

Kwenye jiko la kanisa letu, kule chini ya ukumbi wa ibada, chombo kisicho na jina ni cha wote. Ndivyo tulivyokuta na ndivyo tutakavyoacha. Ukileta bakuli lako la viazi vya oveni, unakata kipande cha utepe wa gundi, unaandika jina, unakibandika chini ya bakuli. Ukileta siagi ukasahau kuandika, usije ukauliza siagi yangu iko wapi. Imeshapakwa kwenye mikate ya watu. Mkubwa wa jiko ni Verna Kjelstad, na siku za msiba utepe ule anauvaa mkononi kama bangili.

Marlys Haugen aliijua sheria hiyo kuliko mimi. Amepika jikoni humo tangu tukiwa wasichana. Basi mtu kama huyo anawekaje vitu vyake kwenye friji ya kanisa bila jina? Ni aibu tu. Sina jibu jingine.

Marlys alikuwa mnywaji. Hakuwa wa kupiga kelele barabarani, hapana. Brandi yake aliinywa nyumbani, kwenye kikombe cha kahawa, ukimtembelea unadhani ni kahawa. Mpaka Desemba ile alipokwenda kumchukua mjukuu wake Nels kwenye mazoezi ya nyimbo za Krismasi, gari likaacha barabara likazama mtaroni kwenye theluji. Mtoto hakuumia. Aliyewavuta kwa trekta ni mzee Orville Tvedt, na Orville ana pua kama sisi wote, brandi aliisikia, lakini hakumwambia mtu. Aliyesema ni mtoto. Alimwambia mama yake, "Bibi alikuwa anasinzia huku anaendesha."

Kari, binti yake Marlys, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, Nels hutakaa naye peke yako tena mpaka nijue umeacha."

Akaacha. Nasema aliacha kweli, maana chupa alizimwaga kwenye sinki nimesimama pale, akawa anageuza uso asiisikie harufu. Kilichomshikilia ni yale makopo. Siku hizi kwetu soda za bangi zinauzwa mchana kweupe, zimepangwa ubavuni mwa bia, kopo limechorwa matunda, na usiposoma yale maandishi madogo huwezi kujua. Mabinti wa mazoezi ya viungo wanazinywa, wanasema ni afya, hazichomi ini na asubuhi kichwa hakigongi. Marlys alikuwa anakunywa kopo moja akishaosha vyombo vya jioni. Anakaa kibarazani anasikiliza vyura wa ziwani, halafu analala. Siku moja tunapalilia nyanya zake akaniambia, "Ardis, miaka yote hii sikujua kama alfajiri ina ndege wengi hivi."

Nikamwambia, "Basi mwambie Kari."

"Nimwambie nini? Mama yako ameacha brandi kashika bangi? Kwa mvi hizi?"

"Si unasema ni kama dawa?"

"Ni kama dawa nikiwa peke yangu," akasema. "Nikimfikiria Kari, inakuwa bangi."

Hata kununua alikwenda mji wa pili, na kofia juu, kama mwizi.

Mwezi wa sita mambo yakawa mazuri. Kari akakubali. Julai, Nels angekuja ziwani kukaa na bibi yake, wao wawili tu. Marlys alitandika kile kitanda cha mtoto wiki nyingi kabla, akamnunulia fimbo ya kuvulia samaki, kila nikipita ananionyesha fimbo ileile.

Hapo ndipo Delores, mke wa Orville, akafariki. Alikuwa amemfundisha Kari shule ya Jumapili, kwa hiyo Kari akaja na Nels kwa ajili ya mazishi, na walikuwa walale kwa Marlys. Marlys akaiangalia friji yake akaona makopo yamejipanga yanamtazama. Akayatia kwenye mfuko wa karatasi, akayapeleka kanisani maana ufunguo anao, akayapanga chini kabisa, nyuma ya mitungi ya matango ya siki. Kuandika jina hakuweza. Angeandikaje? Alisema moyoni atayachukua Jumapili.

Siku ya mazishi palikuwa na joto la kukausha ulimi. Watu walijaa kuliko Verna alivyopiga hesabu, kwa sababu Delores alipendwa. Ibada ilipokwisha wakashuka wote chini kula. Mikate ya nyama ya nguruwe ilikuwepo ya kutosha, jeli yenye karoti ilikuwepo, kahawa ilikuwepo, lakini nani anataka kahawa kwenye joto lile? Wote walikimbilia bakuli kubwa la sharubati, likaanza kupungua. Mimi nilikuwa ukumbini nagawa vijiko, nikamsikia Verna kupitia dirisha la jiko.

"Jamani, hizi soda za nani?"

Marlys alikuwa juu anakusanya maua.

"Nauliza mara ya mwisho! Hazina jina!" Miwani yake ilikuwa juu ya nywele, kama kawaida yake. "Haya, Bwana ametupa."

Akazifungua zote isipokuwa moja iliyobingirika nyuma ya mtungi, akazimimina kwenye bakuli, akakoroga kwa upawa. Kopo moja lilikuwa linamtosha Marlys jioni nzima.

Wa kwanza kuhudumiwa ni mfiwa. Orville alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ya mbele, mikono juu ya magoti, suti ya harusi imembana mabega. Tangu asubuhi hakuwa amekula.

"Orville, kunywa sharubati kidogo," Verna akamwambia.

"Aa, hapana. Wape wageni."

"Kidogo tu."

"Niko sawa, Verna, asante."

"Kikombe kidogo tu, mwenzangu. Joto hili."

"Basi, kama ni kidogo." Kwetu mtu hakubali mpaka aombwe mara ya tatu. Akanywa. Akatazama ndani ya kikombe. "Tamu," akasema, na cha pili hakuombwa.

Marlys akashuka na maua. Nilimwona akiingia jikoni, halafu nikamwona akitoka, na uso wake ulikuwa mweupe kama kitambaa cha meza. Mkononi ana kopo tupu. Akaangalia bakuli, akaangalia foleni. Kwenye foleni Kari ameshashika upawa, na Nels mbele yake amenyoosha kikombe.

Hakupiga kelele. Sisi si watu wa kupiga kelele ukumbini. Alitembea haraka, akajigonga kwenye meza kwa nyonga, akavuta kitambaa, na bakuli likaenda chini pamoja na vikombe na vile vipande vya ndimu. Sharubati ikatapakaa mpaka kwenye viatu vya mchungaji.

"Marlys! We mwanamke!" Verna akasema.

Nyuma yangu mtu akanong'ona, sitamtaja, "Kumbe bado." Na mwingine, "Mchana huu jamani."

Kari akaweka upawa chini. Akamsogelea mama yake mpaka pua zikakaribiana. Alisema kwa sauti ndogo, lakini pale kila mtu alikuwa anasikia.

"Mama. Hebu pumua."

"Kari..."

"Pumua, Mama."

Mwanamke wa umri ule, mbele ya watu aliowazalishia ng'ombe na kuwapikia misiba, akafungua mdomo akampumulia mwanawe usoni. Niliangalia sakafu. Wengi tuliangalia sakafu.

Mabega ya Kari yakashuka. "Hakuna kitu," akasema. Macho yakamjaa machozi. "Mama, nisamehe. Jamani Mama, nisamehe." Akamkumbatia pale katikati ya unyevu.

Nawaambia, wakati huo mambo yalikuwa yamekwisha. Bakuli limemwagika, mtoto hajanywa, binti ameomba radhi, na waliosema kumbe bado wanatafuta mahali pa kuficha nyuso zao. Marlys angenyamaza tu, angechukua dekio akadeki, Julai ingefika na fimbo ile ya samaki ingeloweshwa ziwani. Niliona mkono wake mgongoni mwa Kari umemshika kwa nguvu kama mtu anayezama.

Ndipo Orville akasimama. Alisimama vibaya, kiti kikaanguka, akakitazama akacheka kicheko kidogo kisicho chake. "Haya," akasema, "nakwenda kuangalia ng'ombe." Funguo za gari zilikuwa zinaning'inia kidoleni.

Marlys akamwachia binti yake.

"Orville, usiendeshe."

"Ni hapo tu, Marlys. Barabara naijua."

"Usiendeshe, nakuomba. Umekunywa bangi. Ilikuwa kwenye sharubati. Soda ni zangu. Nilizificha kwenye friji, Verna hakujua, asilaumiwe. Ni zangu."

Orville alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha ya mbali. "Bangi," akasema. "Mimi? Kwenye mazishi ya Delores?" Akakaa, safari hii kwenye kiti cha mtu mwingine. Akaanza kulia, na kulia kukageuka kucheka, na kucheka kukageuka kulia, mzee ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi mbele yetu. Hicho ndicho kilichommaliza Marlys. Angepigwa kofi ingekuwa nafuu.

Mchungaji Britt, binti mdogo lakini ana akili ya haraka, akapanda juu akarudi na sahani ya sadaka. "Aliyekunywa sharubati, hata funda moja, aweke funguo za gari hapa." Basi sahani ikazunguka.

"Mimi nilionja tu," akasema mmoja.

"Onjo lako lilikuwa vikombe viwili, nilikuona," akajibu dada yake. "Weka funguo."

"Ndiyo maana goti haliumi!" akasema mwingine, na watu wakacheka kidogo halafu wakakumbuka waliko.

Muuguzi wetu mstaafu akakaa na Orville, akamshika mapigo ya moyo, akampa maji na mkate. Moyo ulikuwa unakwenda vizuri. Aliomba keki, akaongezwa keki. Alihadithia jinsi Delores alivyomfukuza jogoo kwa ufagio akiwa na gauni la kanisani, akahadithia tena ileile.

Jikoni Kari alimkuta mama yake anakamua dekio. Nilikuwepo naosha vikombe, nikajaribu kuosha bila kusikia.

"Tangu lini?"

"Tangu Januari. Kopo moja jioni. Brandi sijagusa, Kari, naapa."

"Nakuamini. Nimekunusa." Kari akafuta uso kwa kiganja. "Mimi mwenyewe nakunywa hizo, Mama. Ijumaa, na rafiki zangu. Zimejaa kwenye friji yangu."

Dekio likasimama.

"Ungeniambia, ningesema sawa. Tungekubaliana mtoto akiwepo hunywi, basi. Lakini brandi uliificha kwenye kikombe cha kahawa, na hizi umezificha kanisani. Kidogo Nels anywe. Nilishika upawa mimi mwenyewe."

"Niliona aibu."

"Najua," Kari akasema. "Aibu yako ndiyo inayoniogopesha. Mtaroni mlifika kwa brandi, na leo tumefika hapa kwa kuficha."

Marlys aliinama akadeki mahali palepale palipokwisha kukauka.

Verna alikuwa anakusanya vyombo vya watu, anasoma majina chini ya mabakuli, anapanga. Akafungua friji, akatoa mtungi wa matango, na nyuma yake akakuta lile kopo lililosalia. Safari hii alishusha miwani. Akasoma maandishi yote, mpaka yale madogo. Halafu akakata kipande cha utepe kutoka mkononi, akaandika MARLYS kwa herufi kubwa, akalibandika kopo ubavuni, akaliweka mezani pamoja na mabakuli ya wengine.

"Usisahau chombo chako," akasema.

Sijui kama ilikuwa huruma au adhabu. Verna nimemjua miaka mingi na bado sijui.

Mfuko wa karatasi ulikuwa umelowa sharubati, hauna kazi. Marlys akalichukua kopo mkononi. Njia ya kutoka ni moja, inapita katikati ya ukumbi, na watu walikuwa bado wamekaa, maana funguo zao zilikuwa kwenye sahani. Nilimfuata na bakuli langu. Alipita meza moja moja. Wengine walisema, "Haya, Marlys," kama tunavyosema siku zote, macho yapo kwenye kahawa. Alipofika kwa Orville akasimama.

"Ulinitoa mtaroni," akamwambia, "na mimi nimekufanyia hivi."

Orville alikuwa ametulia sasa, macho mekundu. Akamsogezea kiti kilichokuwa njiani ili apite.

Nje, Kari alikuwa amekaa kwenye usukani wa gari la mama yake. Nels alikuwa nyuma, amefunga mkanda. Marlys akasimama kwenye mlango wa gari na kopo lake mkononi, jina limeangalia nje.

"Julai hatakuja peke yake," Kari akasema. "Nitakuja naye, na nitalala palepale."

"Na fimbo?"

"Fimbo atavulia. Mimi nikiwepo."

Marlys akatikisa kichwa kukubali. Akaingia akakaa, akataka kuliweka kopo chini ya kiti, kule gizani kwenye miguu, mkono ukaishia njiani. Akalipandisha, akalishika juu ya mapaja mbele ya mjukuu wake, akafunga mlango.

"Bibi, hicho ni nini?" nikamsikia Nels.

Gari likaondoka kabla sijasikia alivyojibiwa.